Je, Ni Aibu Mtu Mwenye Elimu Kusema “Nilikosa”?

Liko swali moja linaloingia katika kila nyumba, ingawa mara nyingi hatulitaji kwa jina lake. Baba amemkaripia mtoto kwa kosa, kisha yadhihirika kwamba mtoto hakulitenda. Mwalimu amefundisha neno kwa miaka kumi, kisha yaonekana kwamba silo. Mzee wa baraza amekata shauri, kisha shahidi aliyechelewa njiani atokea na kulipindua. Afanyeje mtu huyo? Aseme waziwazi, “Nilikosa,” au anyamaze ili heshima yake isipungue?

Wako wasemao kwamba mkubwa akikiri kosa mbele ya wadogo amejivua nguo mwenyewe. Wengine husema kwamba mkubwa asiyekiri kosa huwafundisha wadogo kusema uwongo. Tena siku hizi limezuka neno la tatu, nalo ni la hatari kuliko hayo mawili. Watu wakiona wataalamu wamegeuza kauli, husema, “Kumbe hawajui kitu! Leo hivi, kesho vile. Basi na kila mtu aamini apendavyo.” Neno hilo likishika mizizi, hakuna tena elimu wala mashauri, patabaki kelele tu, na mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda.

Twataka leo kulipima swali hili. Walakini hatutalipima kwa mifano ya nyumbani kwanza, maana mifano ya nyumbani hututia hasira upesi: kila mmoja hujiona ama baba, ama mtoto. Tutakwenda mbali kabisa, mahali ambapo hapana mtu mwenye shamba wala ng'ombe wa kugombea, tuone jinsi watu wenye elimu walivyokosa, na jinsi walivyofanya baada ya kukosa. Kisha tutarudi nyumbani.

Galaksi ni jamii ya nyota zilizoshikwa pamoja kwa nguvu za uvutano. Ule ukanda mweupe tuuonao usiku usio na mwezi, uitwao Njia Nyeupe, ndio galaksi yetu wenyewe, na jua letu ni nyota moja tu kati ya nyota zaidi ya bilioni 100 zilizomo. Galaksi nyingi nazo hazikai peke yake. Zimekusanyika katika makundi, mamia na hata maelfu pamoja. Kundi moja mashuhuri liko upande wa kundinyota la Coma Berenices, na nuru yake husafiri miaka ipatayo milioni 320 kabla ya kutufikia. Jingine liko upande wa Perseus, umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 240. Ukiyatazama makundi hayo kwa darubini ya kawaida, waona galaksi kama madoa ya nuru, na kati ya doa na doa huoni kitu, ila giza.

Habari ya kwanza ya kwamba giza hilo si tupu ililetwa na mawimbi ya redio. Mwaka 1959 wataalamu watatu, Large, Mathewson na Haslam, waliielekeza darubini kubwa ya redio ya Jodrell Bank, huko Uingereza, kwenye kundi la Coma. Waliona mawimbi yanayotoka, si kwenye galaksi hii au ile, bali kwenye eneo pana lililotanda. Mwaka 1970 Willson, wa Cambridge, alionyesha kwamba mtando huo si galaksi nyingi zilizochanganyika machoni, bali ni mwanga wa redio uliosambaa wenyewe katikati ya galaksi, kama ukungu wa asubuhi juu ya bonde. Upana wake wapita miaka ya nuru milioni 3.

Habari ya pili ilianzia pwani ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililowekwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza ulimwenguni kuundwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka mbinguni. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, setilaiti ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kiongozi wa uchunguzi huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Uhuru ilifanya kazi mpaka mwaka 1973, na kati ya mambo mengi iliyoyafunua, ilionyesha kwamba makundi ya galaksi, Coma na Perseus yakiwamo, hutoa eksirei kwa wingi sana, nazo hutoka katika eneo pana, si katika nukta moja.

Kitu gani kinachotoa eksirei hizo? Watu walibishana. Jibu lilipatikana kwa setilaiti nyingine, Ariel 5 ya Waingereza, nayo ilirushwa kutoka jukwaa lile lile la San Marco mwaka 1974. Mwaka 1976 iliona katika eksirei za Perseus alama ya chuma: chuma kilichopashwa moto mpaka kikapotewa na karibu elektroni zake zote. Hapo shaka ikaisha. Katikati ya galaksi imejaa gesi, na joto lake ni makumi ya mamilioni ya digrii. Katika Coma lakaribia digrii milioni 100. Gesi hiyo ni nyembamba kupita fikira. Lita moja ya hewa tuvutayo ina molekuli nyingi hata kuandika hesabu yake kwahitaji tarakimu 23. Lita moja ya gesi hiyo ina chembe chache tu, au makumi tu pale ilipo nzito zaidi. Lakini kwa kuwa eneo lake ni kubwa mno, uzito wake wote wapita uzito wa nyota zote za kundi mara kadhaa. Yaani kile tulichokuwa tukikiona kilikuwa kichache; kilicho kingi kilikuwa mahali tulipopaita patupu.

Sasa lifikirini jambo la nyumbani. Mama amekiepua chungu cha maji alfajiri na kukiweka kando. Chungu kile chatoa joto. Ukikiwekea kiganja karibu walisikia. Kwa kuwa chatoa joto, hapana budi kipoe. Ndivyo ilivyo gesi ile. Eksirei zile ndizo joto lake likiiaga. Na pale katikati ya kundi, gesi ilipo nzito zaidi, joto hupotea upesi zaidi. Wataalamu walipiga hesabu, wakaona kwamba katika makundi mengi gesi ya katikati yapasa kupoa katika muda usiofika miaka bilioni moja, hali makundi yenyewe yana umri mkubwa kuliko huo. Mwaka 1977 Cowie na Binney waliandika hivyo, na mwaka ule ule Fabian na Nulsen wakaandika hivyo pia. Gesi inayopoa hushindwa kuubeba uzito wa gesi iliyo juu yake. Kwa hiyo itakandamizwa, itatiririka kuelekea katikati, itakuwa baridi, na mwisho itazaa nyota mpya. Katika baadhi ya makundi hesabu zilidai kwamba gesi yenye uzito wa jua mia kadhaa yapoa kila mwaka. Galaksi yetu yote, kwa kulinganisha, huzaa nyota zenye uzito wa jua moja au mawili hivi kwa mwaka.

Hoja hiyo ilikuwa njema. Haikutungwa na watu wavivu, wala haikujengwa juu ya ndoto. Joto lilipimwa, uzito ulipimwa, na hesabu ilifuata. Kwa muda wa karibu robo ya karne ilifundishwa vyuoni na kuandikwa vitabuni, na Fabian mwenyewe mwaka 1994 aliandika muhtasari mkubwa wa elimu hiyo, uliosomwa na wote waliofuata.

Lakini tangu mwanzo kulikuwa na mwiba. Nyota hizo mpya ziko wapi? Gesi hiyo baridi iko wapi? Jua mia kadhaa kila mwaka, kwa mamilioni na mamilioni ya miaka, si kitu cha kufichika mfukoni. Watu walitazama katikati ya makundi, wakaona nyota changa kidogo na gesi baridi kidogo, lakini si kwa kiasi kilichodaiwa. Wenye hoja wakajibu: labda gesi hiyo yageuka kuwa nyota ndogo mno zisizong'aa. Labda imejificha katika mawingu baridi yanayozimeza eksirei zake. Wenye shaka wakasema: kila tunapoitafuta mahali, mwatuambia iko mahali pengine.

Hapa, wasomaji wapenzi, tusifanye haraka kuwacheka. Mtu akikwambia, “Mbuzi wangu hayumo zizini, labda yumo shambani,” hajasema uwongo. Anatafuta. Kosa si kuwa na dhana. Wala si kosa kuitetea dhana iliyo na sababu. Anayeiacha dhana yake mara tu mtu wa kwanza anapokunja uso, huyo si mnyenyekevu. Ni bendera ifuatayo upepo. Kosa laanza pale mtu anapokataa kwenda shambani kutazama.

Basi, walikwenda. Mwaka 1999 zilirushwa darubini mbili kubwa za eksirei: Chandra ya Marekani mwezi wa Julai, na XMM-Newton ya nchi za Ulaya mwezi wa Desemba. XMM-Newton ilikuwa na chombo kiwezacho kuzipambanua eksirei moja moja kwa rangi zake, kama upinde wa mvua unavyozipambanua rangi za nuru. Gesi ikipoa kutoka digrii makumi ya mamilioni mpaka milioni chache, hapana budi itoe alama fulani za chuma zijulikanazo, kila joto na alama yake. Mwaka 2001 majibu yalianza kutoka. Alama za gesi ya moto zilionekana barabara. Alama za gesi iliyopoa chini ya kiasi cha theluthi moja ya joto la pembeni hazikuonekana kwa wingi uliotazamiwa. Shahidi mkuu wa hoja ile aliitwa barazani kwa jina, wala hakutokea.

Tuseme nini juu ya chungu kilichoepuliwa alfajiri, nasi twakikuta adhuhuri kingali moto? Mtoto mwenye akili hatasema kwamba chungu hiki hakitoi joto, maana kiganja chake chamshuhudia. Wala hatasema kwamba kimepoa, maana maji yamchoma. Atasema: yuko mtu anayekirudisha motoni mara kwa mara, nasi hatumwoni. Hivyo ndivyo wataalamu walivyosema. Joto lapotea, hilo ni kweli; lakini liko linaloirudishia gesi joto lake.

Nani basi? Hapa ndipo lilipo jambo tunalotaka mlitie moyoni. Fabian, yule yule aliyeiandika hoja ya kupoa mwaka 1977 na kuikusanya mwaka 1994, hakukaa pembeni kununa. Alikuwa mmoja wa walioongoza kutafuta kile kilichoipindua hoja yake. Katikati ya kundi la Perseus ipo galaksi kubwa, na ndani yake limo shimo jeusi, yaani kitu chenye uvutano mkali hata nuru haitoki. Kando ya shimo hilo hububujika miminiko ya chembe ziendazo kwa kasi kubwa, nazo hung'aa kwa mawimbi ya redio. Chandra ilionyesha wazi kwamba pale penye mawimbi hayo ya redio, gesi ya eksirei imesukumwa kando, pakabaki mapovu makubwa yanayopanda polepole, kama mapovu katika uji unaochemka. Mwaka 2003 Fabian na wenzake walitangaza kwamba kuyazunguka mapovu hayo yako mawimbi yanayoenea katika gesi, duara baada ya duara, nayo ni mawimbi ya sauti. Kutoka wimbi moja hadi lingine yapita miaka ipatayo milioni 10. Ukitaka kuyalinganisha na muziki, ni noti iliyo oktavu 57 chini ya noti ya katikati ya kinanda. Kazi ya kuyapuliza mapovu, kwa hesabu, yatosha kurudisha joto linalopotea.

Je, mambo yamekwisha hapo? Hayakwisha. Jinsi nguvu za mapovu zinavyogeuka kuwa joto la gesi yote, watu wangali wanabishana: wengine wasema ni sauti, wengine msukosuko wa gesi, wengine kuchanganyika kwa gesi ya ndani ya mapovu na ya nje. Mwaka 2016 setilaiti ya Kijapani, Hitomi, ilipima msukosuko huo katika Perseus, ikaona gesi yatikisika kwa kasi ya kilomita 164 hivi kwa sekunde, mwendo wa upole kwa kitu kikubwa namna hiyo. Hitomi haikudumu. Ilirushwa tarehe 17 Februari, na tarehe 26 Machi mawasiliano yake yakakatika. Wajapani hawakumsingizia shetani wala hali ya hewa. Walichunguza, wakatangaza mbele ya dunia kwamba makosa yalikuwa katika mitambo ya kuielekeza na katika maagizo iliyopewa. Kisha wakaunda nyingine, XRISM, iliyorushwa mwezi wa Septemba 2023, kuendeleza kazi ile ile. Jambo hilo peke yake lastahili kusimuliwa shuleni.

Tena kuanzia mwaka 2022 Fabian na wenzake wamesema kwamba huenda sehemu ya gesi yapoa kwa siri nyuma ya mawingu baridi, kwa kiasi kilicho chini ya hesabu za zamani. Mtu mwingine atasema, “Waonaje sasa! Mzee amerudia neno lake la kale.” Sisi hatuoni hivyo. Ameleta hesabu yenye mpaka, ameonyesha mahali pa kuitafuta, na amewapa wengine fimbo ya kumpigia ikiwa amekosa. Hiyo ndiyo tofauti ya subira na ukaidi. Mvumilivu husema mapema, “Mkiona jambo fulani, nimeshindwa.” Mkaidi hasemi kamwe ni jambo gani litakalomshinda. Wahenga walikwisha sema: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Ule mwanga wa redio uliotanda katika Coma nao watufundisha hivyo hivyo. Mawimbi yake hutoka kwa elektroni ziendazo karibu sawa na nuru, zikizungushwa na nguvu za sumaku zilizo hafifu mara laki kadhaa kuliko sumaku ya dunia. Elektroni hizo huchoka. Katika muda wa miaka ipatayo milioni 100 zimekwisha poteza nguvu zake. Lakini zaonekana mbali na kila galaksi ingeweza kuzitoa, nazo haziendi moja kwa moja, kwa sababu sumaku huzipotosha njia. Ni kama tarishi mwenye pumzi ya saa moja kukutwa mwendo wa saa kumi kutoka kwao. Hapana budi amekula njiani, au amezaliwa huko huko alikokutwa.

Kwa hiyo zikazuka dhana mbili. Ya kwanza: makundi mawili yanapogongana, gesi huvurugika, na msukosuko huo huzipa elektroni zilizochoka nguvu mpya papo hapo. Ya pili, iliyotolewa mwaka 1980: protoni, ambazo hazichoki upesi, hugongana na gesi na kuzaa elektroni mpya kila mahali. Dhana zote mbili zilikuwa na watetezi wenye akili. Lakini ya pili ilikuwa na deni: migongano ile ile hapana budi izae pia miali ya gama. Mwaka 2008 ilirushwa setilaiti ya Fermi, iwezayo kuiona miali hiyo. Ilitazama miaka mingi, wala kiasi kilichohitajiwa kuueleza mwanga wote wa redio hakikupatikana. Dhana ya protoni haikufutwa kabisa; ilipunguziwa shamba, ikaachiwa sehemu. Na ya kwanza ilipata nguvu, kwa sababu mtando huo wa redio huonekana hasa katika makundi yenye dalili za kugongana.

Sasa turudi nyumbani, kama tulivyoahidi.

Kwanza, tuwajibu wale wasemao kwamba wataalamu wakigeuza kauli basi hawajui kitu. Tazameni kilichoanguka na kilichosimama. Eksirei zilizoonwa na Uhuru zingali zaonekana. Chuma kilichoonwa mwaka 1976 kingalipo. Joto ni lile lile, na kwamba joto hilo lapotea bado ni kweli. Mtando wa redio wa mwaka 1959 umetazamwa na darubini nyingi mpya, nao upo. Kilichoanguka ni neno moja: “kwa hiyo gesi yote hiyo yapoa.” Nyumba haikubomoka, ulibadilishwa mlango. Asemaye kwamba yote yamekuwa bure, hakusikiliza. Tena lile kosa lenyewe lilileta faida. Kama watu wasingalisema kwa hesabu kamili ni kiasi gani cha gesi baridi kitazamiwe, ukosefu wake usingalimshangaza mtu, na hapana ambaye angaliuliza ni nani anayekichochea moto. Kupotea njia ndiko kujua njia. Lakini ni kwa yule tu anayekubali kwamba amepotea.

Pili, tuwajibu wale wanaoogopa kwamba mkubwa akikiri kosa atadharauliwa. Hofu hiyo si ya kubezwa. Ni kweli kwamba baba agombaye asubuhi na kuomba radhi jioni, kila siku, mwishowe hasikilizwi na mtu. Lakini kinachomwangusha huyo ni kusema kabla ya kutazama, wala si kukiri. Heshima ya mkubwa yasimama juu ya jambo moja: kwamba neno lake hufuata yaliyo kweli. Mtoto aliyeadhibiwa bure anajua kwamba hakutenda. Baba akinyamaza, mtoto hajifunzi kwamba baba hakosi. Ajifunza kwamba baba anajua na hajali. Tangu siku hiyo neno la baba litatiiwa kwa kuogopa fimbo, na fimbo ina mwisho wake. Lakini baba asemaye, “Mwanangu, juzi nilikugombeza bure, nilisikia maneno ya mtu nisimwulize wa pili,” amemwonyesha mtoto mambo mawili pamoja: kwamba alikosa, na ni wapi alikosa. Hilo la pili ndilo linaloponya. Kukiri kusikoonyesha mahali pa kosa ni adabu tu ya mdomo.

Hivyo mwalimu naye. Asiogope kuwaambia wanafunzi, “Mwaka jana niliwafundisha hivi, sasa imeonekana vingine, na sababu ni hii.” Atawapa somo ambalo kitabu hakina. Watajua kwamba elimu si ghala la majibu yaliyofungwa kwa kufuli, bali ni kazi ya mikono inayohitaji watu waaminifu. Na kati ya watoto hao huenda yumo atakayekwenda kuitazama mbingu kwa darubini kubwa zinazojengwa sasa katika bara hili. Maana huko Afrika Kusini, tangu mwaka 2018, mabakuli 64 ya darubini ya MeerKAT yasikiliza mawimbi hayo hayo ya redio. Kijana huyo akifundishwa kwamba kukosa ni fedheha, atajifunza kuficha, na afichaye hesabu iliyokataa hafai kushika darubini, wala duka, wala sanduku la chama cha ushirika.

Tatu, na hili ndilo gumu kuliko yote: tujipime wenyewe kabla ya kuwapima wengine. Kila mmoja wetu ana neno analolishika juu ya jirani yake, juu ya mkwe wake, juu ya watu wa upande wa pili wa mto. Pengine ana sababu, kama Fabian alivyokuwa na sababu mwaka 1977. Ajiulize: ni jambo gani nikiliona nitakubali kwamba nimemdhania vibaya? Kama ana jibu, basi dhana yake ni dhana ya mtu mwaminifu, na aende akatazame. Kama hana jibu, kama kila wema wa jirani waitwa hila na kila kimya chake chaitwa njama, basi huyo hatafuti tena mbuzi wake. Amekwisha kata shauri kwamba jirani ndiye mwizi, na zizi halitazami tena.

Jibu letu, basi, ni hili. Si aibu mtu mwenye elimu kusema “nilikosa,” mradi aseme pia amekosa wapi na amejuaje. Aibu iko katika mambo mawili: kusema kabla ya kutazama, na kukataa kutazama baada ya kusema. Wale waliokaa robo ya karne wakitazamia gesi baridi, kisha wakaenda wenyewe kuitafuta, na wasipoiona wakasema hawakuiona, hawakupoteza heshima yao. Jioni ya leo, mkiwa mmeketi kuuzunguka moto, baba au mama aliye na neno la kurekebisha na alirekebishe mbele ya wote waliolisikia siku ile liliposemwa.